Saa ya Kwanza ya Kaka

12 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Nimeamua kukueleza kila kitu katika barua hii, hata yale ambayo hutapenda kuyasoma. Mwalimu wetu wa lugha anasema mtu akishaandika tarehe juu ya karatasi amejifunga kusema kweli ya siku hiyo. Kwa hiyo keti vizuri.

Kwanza salamu. Sote wazima. Mama anakusalimu, ana kazi ya kushona sare za shule nzima na sebule imejaa vitambaa vya bluu hadi paka hajui alale wapi. Baba mzima pia, ila macho yanamwasha jioni. Mimi nimekuwa wa tatu darasani. Ningekuwa wa pili kama si hesabu za mafungu.

Pili, hasira yangu. Miezi minane hukuandika hata mstari. Halafu bahasha inakuja kwa anwani ya shule, kwa jina langu peke yangu, eti kwa sababu mama husoma ujumbe wa simu kwa sauti mpaka jirani anajibu. Nikafikiri u mgonjwa, au una mchumba. Kumbe umepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha vioo, na unataka kununua saa yako ya kwanza ya kifahari. Hongera. Unataka baba akuchagulie moja kati ya tatu. Hukuuliza hata kama baba bado anashika saa.

Nikukumbushe, maana wewe uliondoka wiki ile ile kwenda kuanza kazi. Miaka minne iliyopita saa ya daktari wa meno ilipotea dukani kwetu. Baba aliilipa kwa kuuza mashine zake, na duka likafungwa. Miwani, fundi aliyekaa naye meza moja kwa miaka kumi na tisa, alifukuzwa kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango jioni iliyotangulia. Baba akatukataza hata kumsalimu. Sasa baba anatengeneza saa za ukutani dirishani kwetu, na Miwani amekaa kwenye ngazi za posta akibadilisha mikanda na betri. Kila nikienda kutuma barua yako napita mbele yake nimeinamisha kichwa, kana kwamba mwizi ni mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma saa. Sijawahi kuamini kwamba aliiba, lakini nilikuwa na miaka kumi na miwili, nani angenisikiliza?

Haya, saa zako. Nilidhani baba atafoka. Badala yake alifuta mikono, akazipanga mezani zile picha tatu ulizotuma.

"Hii ya dhahabu," akasema, "ni ya mtu anayetaka aonekane akiwa bado mbali. Na hii ya wapiga mbizi, kwani huko kiwandani wanaogelea?"

"Labda amependa rangi, baba."

"Rangi anunue shati."

Ya tatu, ile nyembamba yenye uso wa rangi ya maziwa, aliishika muda mrefu. "Hii ndiyo saa. Ile ya daktari ilikuwa kama hii." Ni mara ya kwanza anaitaja bila kupandisha sauti, nami nikafurahi mpaka nikaona haya. Akasema usinunue kabla hajaona ndani. Muuzaji afungue mgongo, aweke mashine na kifuniko kandokando, apige picha. Uso wa saa kila mtu anaweza kuuosha.

Nijibu upesi, maana anauliza kila siku kama umejibu.

Mdogo wako


3 Februari

Mwalimu wangu mdogo,

Shikamoo zangu kwa baba na mama. Huku ni joto la tanuri, vioo vinatoka vyekundu kama kaa la moto, na mimi sasa ndiye ninayepiga kelele badala ya kupigiwa. Nimepewa kiti chenye magurudumu. Mwambie mama nakula vizuri.

Nimefurahi sana baba kuchagua ile nyembamba. Hata mimi moyo wangu ulikuwa hapo hapo. Lakini hiyo habari ya kufungua mgongo haiwezekani. Muuzaji ni mtu mzito, hapendi saa zake ziguswe. Nakutumia picha nyingine nikiwa nimeivaa mkononi, baba aone inavyokaa. Amesema mwenyewe kwamba ni saa nzuri. Basi aseme tu "nunua". Neno moja. Uliandike kama alivyolisema, unitumie. Nataka nije nayo nyumbani mwezi wa nane, niingie mlangoni nimeivaa.

Na wewe, mbona huwezi kuandika barua bila Miwani? Hayo ni mambo ya wazee, waachie wao. Soma hesabu zako za mafungu.

Kaka yako


24 Februari

Kaka mpendwa,

Salamu kwanza, kama nilivyofundishwa. Sisi wazima, mama amemaliza sare na ameanza mapazia. Hesabu za mafungu nimepata kumi na nane juu ya ishirini, kwa hiyo usinipeleke huko tena.

Baba hakusema "nunua". Aliitazama picha ya mkono wako, akacheka kwamba umenenepa. Akasema saa imekaa vizuri, haizidi upana wa mkono. Kisha akauliza: "Mgongo uko wapi?" Nikamweleza habari ya muuzaji mzito. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji. "Muuzaji asiyefungua mgongo anajua kilichomo. Mwambie kijana nimemaliza."

Lakini hakumaliza. Jumamosi alitoa lile sanduku la bisibisi ndogo, lile ambalo halijafunguliwa tangu duka lifungwe, akazifuta moja moja. Akasema peke yake, kama hanioni: "Miwani angeiona saa hii angeimba." Halafu akanyanyuka, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Unaona? Hayo unayoyaita mambo ya wazee yanakula naye mezani. Usiniambie niyaache. Wewe uliyaacha kwa kupanda gari, mimi nayapita kwa miguu kila wiki.

Na jambo moja sijalielewa. Picha mbili za mwanzo ulikata kwenye gazeti. Hii ya tatu umeipiga mwenyewe, juu ya kitambaa cha kijani. Kwenye picha ya mkono wako, nyuma yako kuna kitambaa kile kile, na koti lako limetundikwa msumarini. Hicho ni chumba chako. Muuzaji gani asiyetaka saa yake iguswe anakuachia ulale nayo?

Sijakasirika bado. Nauliza tu.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Nisamehe kuchelewa, tulikuwa na ukaguzi kiwandani. Hamjambo nyote? Mimi sijambo.

Muuzaji ameniamini, ndiyo maana niko nayo. Kwani mimi mtoto? Mtu ameamka saa kumi alfajiri miaka minne, anataka kujinunulia kitu kimoja kizuri, anahojiwa na baba yake na mdogo wake kama yuko kituo cha polisi. Ungekuwa huku ungejua. Hapa mtu haangaliwi uso, anaangaliwa mkono. Siku ya kwanza ya kikao cha wakubwa wote waliweka mikono mezani, mimi nikaficha wangu chini ya meza.

Haya, mmeshinda. Nimempelekea fundi wa huku, amefungua. Picha hiyo hapo, mashine na kifuniko kandokando kama alivyotaka. Ndani safi kama sahani ya mgeni. Sasa baba hana la kusema. Nipe neno langu.

Kaka yako


6 Mei

Kaka,

Mama anakusalimu. Baba hajatuma salamu, na utaelewa kwa nini.

Nilimpa picha baada ya chakula cha mchana. Alibana kile kioo chake kidogo jichoni, akainama. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikapoa. Kisha akauliza: "Nani ameng'arisha humu ndani?"

Nikasema labda ni saa mpya, baba.

"Si mpya. Sogea uone." Akanionyesha. Kifuniko cha saa kama ile, kiwandani hupigwa ndani viduara vidogo vidogo, kama magamba ya samaki. Hakuna mvaaji anayeviona, kwa hiyo hakuna anayehangaika kuving'arisha. Ila fundi anapoitengeneza saa hukwaruza alama yake na tarehe hapo ndani, ndogo kuliko sisimizi, ili fundi atakayefuata ajue. "Humu hamna magamba wala alama. Kioo kitupu. Mtu amelipia kazi ya kung'arisha mahali pasipoonekana. Alikuwa anafuta fundi." Akanirudishia picha. "Mwambie asinunue." Akatoka, hakuchukua hata kofia.

Mimi nikafanya ukaidi. Nilikuwa bado upande wako, kaka, weka hilo akilini. Nilikuona unaingia mlangoni mwezi wa nane mkono mtupu, nikasema baba amekuwa mtu wa kushuku kila kitu tangu aibiwe. Nikataka fundi mwingine aseme ni saa safi. Na mjini fundi mwingine wa saa za namna hiyo ninayemjua ni mmoja.

Alhamisi nikaenda posta baada ya shule. Nilisimama mbele yake, baada ya miaka minne, sikujua nianzie wapi.

"Shikamoo," nikasema.

Aliinua kichwa taratibu. Amevaa miwani mbili siku hizi, moja juu ya nyingine, ya pili imefungwa kwa uzi. "Marahaba. Umekuwa mrefu. Au ni mimi nimekaa?"

"Vyote viwili."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Nikampa picha. Nikamwambia ni saa anayotaka kununua kaka, na baba ameikataa.

"Anataka kuinunua," akarudia.

"Ndiyo. Unaionaje?"

Aliweka ukucha kwenye picha, juu ya mashine, penye parafujo. Akasema nihesabu. Nikahesabu parafujo za bluu tatu na moja nyeupe.

"Hiyo nyeupe niliichonga mimi," akasema. "Kwa sindano ya cherehani ya mama yako. Ya kiwandani ilikatika mkononi mwangu, nikaona aibu kumwambia baba yako, fundi mzima navunja parafujo kama mwanagenzi. Nikasubiri aondoke jioni ile, nikaitia, nikafunga mlango. Ndiyo maana nilikuwa wa mwisho kutoka. Kesho yake aliponiuliza ulikuwa unafanya nini peke yako dukani, nikababaika. Nilibabaika kwa ajili ya parafujo, mwanangu. Nilipotaka kusema kweli, tayari alikuwa hanisikii."

Nikauliza kama anaweza kuwa amekosea, labda fundi mwingine huko alichonga kama hiyo.

"Kichwa chake kimekaa upande," akasema. "Mkono wangu huo. Huwa nakata upande."

Halafu, kaka, unajua aliniuliza nini? Nilidhani atakulaani. Akauliza: "Inakwenda vizuri? Haipotezi dakika?"

Nikamwambia sijui. Akanirudishia picha, akaniomba nisimwambie baba. "Duka hana tena. Mtoto wa kiume anaye mmoja. Mwachie huyo. Mimi nimeshazoea hapa, hata watumaji barua wamenizoea." Mtu akaja na mkanda uliokatika, akaanza kazi.

Nikarudi nyumbani na bahasha yako mfukoni, na kila hatua nilikuwa nazidi kukasirika, mpaka geti nikalifungua kwa teke. Ulitaka baba akuchagulie saa uliyoiiba mezani kwake. Ulitaka mimi nimtoe neno mdomoni, nilifunge kwenye bahasha, nikuletee. Nimekuwa tarishi wako tangu Januari, napita mbele ya Miwani na barua zako kifuani!

Usiniandikie habari za joto wala za kiti cha magurudumu. Niambie uliipataje.

Dada yako


19 Juni

Sijui nianzeje, kwa hiyo sianzi na salamu.

Sikuiba. Najua utacheka. Siku ile nilikuwa na usaili wa kazi hii, hapo hapo mjini kwetu. Nilikuwa na shati zuri, viatu nimeazima, mkononi sina kitu. Asubuhi nilipitia dukani kabla baba hajafika, funguo nilikuwa nazo. Saa ya daktari ilikuwa kwenye kijisahani, imetengenezwa, inangoja mwenyewe aje Ijumaa. Ilikuwa Jumatano. Niliivaa. Nilipanga niirudishe mchana, na nani angejua? Waliokuwa wananihoji waliiona, nilipewa kiti, nilipewa chai. Nilipata kazi.

Niliporudi nilimkuta daktari dukani. Alikuja siku mbili kabla ya ahadi. Baba alikuwa ameshamshika Miwani shati. Saa ilikuwa kwenye mfuko wangu wa suruali, nilikuwa naisikia pajani. Nilisema moyoni, watulie kwanza, niiangushe chini ya meza waione. Hawakutulia. Jioni Miwani alikuwa amekwenda. Baada ya hapo kila siku ilikuwa imechelewa kuliko ya jana yake.

Isipokuwa kwa ile picha, sijawahi kuivaa tena. Miaka minne iko ndani ya soksi. Kuiuza nimeshindwa, kuitupa nimeshindwa. Niliona kama baba angesema "nunua", ingekuwa kama amenipa yeye, ningeweza kuivaa mbele ya watu. Hiyo alama ndani niliiona fundi wa huku alipofungua. Ilikuwa ya baba, na tarehe. Nikamwambia aifute. Sikujua habari ya magamba. Ningekuwa nimekaa dukani kama baba alivyotaka, ningejua.

Miwani amesema usimwambie baba. Msikilize, ni mtu mzima. Nikija mwezi wa nane nitamsaidia kwa namna yangu, kimyakimya. Nitamtengenezea kibanda chenye vioo, nimeshapima, vioo napata kiwandani. Tafadhali choma barua hii.

Mimi


4 Julai

Kaka yangu,

Nilikaa siku tatu nikiandika na kuchana. Hii ni ya nne, na ndiyo nitakayotuma.

Mama ana kikohozi kidogo, anaendelea vizuri. Mimi nimemaliza mitihani.

Barua yako sikuichoma. Imo ndani ya kitabu cha jiografia, na sitaichoma.

Nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote mwaka huu. Nimekuonea huruma mahali pamoja tu, pale ulipoisikia pajani. Baada ya hapo huruma imekwisha. Unasema hawakutulia. Kwani nani aliyekwambia ungoje watu watulie ndipo useme ukweli? Ulimwona Miwani ameshikwa shati na mtu aliyekula naye miaka kumi na tisa, na mkono wako ulikuwa mfukoni. Kuivaa lilikuwa jambo la kijinga la kijana, hata baba angelicheka leo. Kukaa kimya hukukaa siku moja. Umekaa kimya siku zote hizo, na kila siku uliamka ukachagua upya.

Wala usijifiche nyuma ya Miwani. Yeye akiniambia nisiseme, anatoa kilicho chake. Wewe ukiniambia nisiseme, unachukua tena kutoka kwake. Na kibanda chako cha vioo hatakitaka, nami sitaki akikubali. Umempimia kibanda kama maiti anavyopimiwa sanda, hujamwuliza neno. "Kwa namna yangu, kimyakimya." Kaka, namna yako ya kimyakimya ndiyo iliyomkalisha kwenye ngazi.

Nikueleze la nyumbani. Jumapili baba aliniuliza: "Kaka yako amejibu habari ya kifuniko?" Nikasema bado. Nilimdanganya usoni, mimi ambaye Januari nilijigamba kwako kwamba nitasema kila kitu. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye saa yake ya ukutani. Sijui anachojua. Ninachojua ni kwamba siku hizi akienda sokoni hazunguki tena kwa njia ya nyuma. Juzi nilimfuata kwa mbali. Alipita barabara ya posta, ng'ambo, akasimama mkabala na ngazi, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake vile havina kamba. Miwani alimwona. Alivua ile miwani ya juu, akaishika. Wakatazamana, magari yanapita katikati yao, kisha baba akaenda zake bila kununua kitu.

Hawezi kuvuka, kaka. Anashuku lakini hana hakika, na hatamwomba mtu msamaha kwa kukushuku wewe. Wewe ndiye uliye katikati ya barabara ile, na hakuna mwingine wa kuondoka hapo.

Mimi tangu Alhamisi ile namsalimu Miwani kwa sauti, mbele ya watu, na kichwa siinamishi. Hilo ndilo lililo ndani ya uwezo wangu. Lako sitakufanyia. Nimefikiri sana kumsomea baba barua yako, na mara mbili nimefika mlangoni pake nayo. Nimerudi kwa sababu nataka aisikie kwako. Nataka siku moja nimwambie mtu kwamba kaka yangu alikosea, akasema mwenyewe, kabla hajalazimishwa. Bado naamini unaweza. Nina hasira nawe, lakini hilo naliamini, na nisingeliamini nisingenunua stempu.

Saa usiitume kwa posta, wala usiivae. Uje nayo mkononi mwako, ndani ya soksi yake hiyo hiyo ukitaka, uiweke mbele ya wazee wawili, si mmoja. Lakini barua itangulie. Mwezi wa nane ni mbali mno kwa watu wa umri wao.

Posta ya huku kwenda huko ni siku tisa, na kurudi tisa. Nimezihesabu. Nijibu siku utakayoipata hii, usingoje ukaguzi wala zamu: utamwandikia baba kwa mkono wako mwenyewe, au nimsomee mimi?

Mdogo wako